Ukuta wa Jua

Jumatano ya wiki ya Pasaka, Torleif alifunga mbao za kutelezea thelujini juu ya paa la gari, kisha akamwambia mkewe asogee ili afunge buti. Borghild akasogea. Alikuwa amezikwa mwanzoni mwa Machi. Alivaa gauni la buluu walilomzika nalo, na mkononi alishika kapu lake la safari.

"Machungwa umeweka?" Torleif akauliza.

"Yamo. Na kahawa imo."

Eivind, mtoto wao wa kiume, alikaa mbele na baba yake kwa sababu ya urefu wa miguu. Dada yake, Ingunn, alikaa nyuma na mama. Alimfunga mama mkanda, maana polisi wa barabarani hawana mzaha wiki ya Pasaka.

Kutoka Drammen hadi kibanda chao cha mlimani ni mwendo wa asubuhi moja, lakini Torleif hakuwa mtu wa haraka. Alisimama Hønefoss wakala soseji kwenye kituo cha mafuta. Alisimama kando ya mto kutazama barafu ikipasuka. Alisimama Gol akabishana na mtu asiyemjua kuhusu nta ya kupaka chini ya mbao, hadi jua likageuka. Kila waliporudi garini, Borghild alifungua kapu, akamenya chungwa na kupitisha vipande katikati ya viti vya mbele. Madirisha yaliingia ukungu kwa pumzi za watu. La upande wake lilibaki safi, na Ingunn alilitumia kuangalia bonde.

"Mama, hujala."

"Nitakula tukifika."

"Unasema hivyo tangu nizaliwe."

"Basi ulipaswa kuwa umeshazoea."

Eivind alicheka bila kugeuka. "Kama hali, nipe mimi kipande chake."

Kila kibanda kule juu kina ukuta wa jua, ule unaotazama kusini. Watu huweka benchi na ngozi ya paa wa theluji, wakaegemea, wakafumba macho, chungwa mkononi. Hiyo ndiyo Pasaka yenyewe. Siku ya mazishi Ingunn alitafuta picha ya mama yake kwenye benchi lile. Pichani walikuwamo wote, miaka yote, isipokuwa mama. Ndipo Ingunn alipoamua kwamba kama kuna jambo moja atakalofanya mwaka huu, ni kumkalisha mama pale.

Walipofika, Borghild aliwasha jiko, akashika ndoo na kwenda kuchota maji kwenye tundu la barafu ziwani. Nyayo zake hazikuzama thelujini, kwa hiyo alienda upesi. Wanaume walikaa ukutani. Gaute, jirani, akaja akiteleza taratibu kwa mbao zake.

"Pole sana kwa msiba, Torleif. Alikuwa mwanamke wa kazi."

"Asante. Karibu kahawa."

Borghild akamletea kikombe. "Asante, Borghild," Gaute akasema, akapuliza mvuke.

Ingunn alimfuata mama yake mlangoni, akaishika ndoo.

"Nenda ukakae."

"Na maji?"

"Nitachota mimi."

"Kuni je?"

"Mimi."

"Vyombo? Sakafu siku ya kuondoka?"

"Yote mimi, mama. Eivind ana mikono, atanisaidia."

"Eivind? Mikono ile ni ya kushikia simu." Borghild aliiachia ndoo polepole, kidole kimoja kimoja. "Haya. Ila usije ukasema sikukuuliza."

Akaenda akakaa. Torleif alisogea kidogo, jicho moja wazi.

"Joto, eh?"

"Joto," akasema Borghild, akafumba macho.

Hakuinuka tena. Ingunn alichota maji, akapasua kuni, akapika, akaosha. Aliona watu watatu wakiegemea ukuta, nyuso zao zikibadilika rangi kwa jua, wa mama pia. Jioni alimfunika blanketi.

Jumatatu ya Pasaka walifunga kibanda. Desturi ni kuosha sakafu na kupanga ndani ya jiko vijiti na maganda makavu ya mti, ili atakayefuata awashe kiberiti tu. Ingunn aliosha, akapanga. Magoti yake yalilowa.

"Na mama?" akauliza Eivind.

"Mwache," akasema Torleif. "Amepata usingizi."

Kapu lilikuwa kwenye kiti cha nyuma. Ingunn alilipakata ili apate pa kukaa. Walishuka mlima polepole, wakasimama Gol, wakasimama mtoni. Barafu ilikuwa imeshaondoka. Madirisha yaliingia ukungu tena, yote isipokuwa la upande wa Ingunn.

"Ingunn," baba yake akaita, macho barabarani, "kuna chungwa limebaki?"

Alikuwa ameshaanza kulimenya.