Kiti Chekundu na Pumzi za Chausiku

Usiku wa jana niliota nimeingia ndani ya simu kusoma mchezo wa kuigiza. Sikuingia kwa kidole kama wanavyoingia wajukuu. Niliingia kwa mlango, nikavua na kandambili.

Humo ndani kila mtu ana kisanduku chake, kama kuku wa mayai. Tunasoma ule mchezo wa zamani wa Mtawala aliyepiga marufuku watu kupumua bila kibali. Hata mimi niliyeishia darasa la nne naujua, maana uliigizwa shuleni kwetu, nami nilikuwa mti. Safari hii nimepanda cheo. Mimi ni Raia wa Tatu.

Usomaji wenyewe ni wa hisani. Tunamchangia Chausiku, jirani yangu, aliyelazwa na kifua. Mchango si fedha, ni pumzi. Watazamaji wanapulizia vioo vya simu zao huko huko waliko, na pumzi zinaingia kwenye mfuko wa rambo nilioushika mimi. Pazia likifungwa, mfuko unapelekwa wodini. Lisipofungwa, hauendi popote. Ndiyo sheria.

Mwongozaji ni feni ya kusimama. Anageuza kichwa kushoto, anageuza kulia, kila kitu anakataa.

"Asiye na zamu azime sauti," anasema.

Wanazima. Midomo yao inavuliwa, inatundikwa kwenye kamba kwa vibanio, kama soksi. Wangu umeachwa, kwa kuwa nina mstari mmoja mbele.

"Mtawala anasomwa na nani?" nauliza.

"Na mimi," kinasema kiti cha plastiki, chekundu, mguu mmoja umevunjika ukashonwa kwa waya.

Kinasoma vizuri, msema kweli mpenzi wa Mungu. Kinasoma mpaka kisanduku changu kinaanza kunuka chaki. Kumbe tuko darasani kwetu. Nje mvua inanyesha juu ya makaburi. Pale shuleni hapakuwa na makaburi, lakini hakuna anayeshangaa, basi nami sishangai.

"Ukurasa wa mwisho," kitabu kinajitangaza chenyewe. "Raia wa Tatu anamkabidhi Mtawala pumzi zote za nchi. Anasema: Ndiyo, mtukufu. Pazia."

"Pumzi zipi?" nauliza.

"Hizo ulizoshika."

"Hizi za Chausiku."

"Mimi sikuandikiwa Chausiku," kinasema kitabu.

Nikaukumbatia mfuko. Nisiposoma, pazia halifungwi, mfuko haufiki. Nikisoma, mfuko unaliwa na kiti. Na kutoka upande wa makaburi namsikia Chausiku akikohoa. Anakohoa, ananyamaza kitambo, anakohoa tena, hafifu zaidi. Ule unyamavu ndio unarefuka.

"Bibi, tunakusubiri," anasema feni. "Watu wana shughuli zao."

Mimi ni Mnyamwezi, Chausiku ni Mzaramo. Watani tangu babu zetu. Tuliahidiana kwamba atakayetangulia, aliyebaki ataingia kaburini mwake alale, agome kutoka mpaka wafiwa wamkomboe. Tulicheka sana siku ile. Sasa mwenzenu sikutaka kulala ndani ya kaburi lolote.

Nikakitazama kile kiti.

"Mtukufu, kwenu wapi?"

"Swali hilo halimo," kinasema kitabu.

Lakini wakubwa hupenda kuulizwa kwao. "Mbagala," kikajibu kiti. "Nilizaliwa kiwandani."

"Mbagala! Basi wewe Mzaramo!"

"Wa kumiminwa," kikasema, kwa fahari.

"Lo! Mtani wangu, na miguu kama ya mbuzi wa mahari! Hebu niambie, aliyekukalia mwisho alikuwa nani, mbona mpaka leo hujanyooka?"

Feni akaacha kugeuka. Midomo kwenye kamba ikacheka bila wenyewe. Kiti kikatetemeka kwa hasira, lakini kingefanya nini? Mtani hashitakiwi, hata na mfalme.

Ndipo nikasoma kwa sauti ya darasa la nne, "Ndiyo, mtukufu," nikakikabidhi mfuko. Pazia likafungwa. Lilipogusa sakafu tu, nikaupokonya.

"Mwizi!" akapiga kelele feni.

"Si mwizi," kikasema kiti, kwa huzuni. "Mtani akichukua, kachukua. Lakini nami ni mtani wako, bibi. Nina changu cha kuchukua."

"Chukua kandambili, ziko mlangoni."

"Nataka pumzi."

"Yangu ya kizee, imechakaa."

"Mimi hukaliwa na yeyote. Sijazoea kuchagua."

Kikaichukua. Haikuuma. Ilikuwa kama mtu amezima redio chumba cha pili.

Nikavuka makaburi, nikajikuta wodini. Chausiku amelala ndani ya kisanduku chake, amebaki macho na pua. Nikafungua mfuko. Pumzi zikatoka moja moja: ya kahawa, ya karafuu, nyingine ya mtu aliyekuwa akilia. Chausiku akazivuta zote.

"Hii nani kala kitunguu kibichi?" akasema.

"Maskini hachagui, mtani."

Akanitazama kifuani muda mrefu. "Siwatu, mbona huhemi?"

"Nimeibadilisha huko nyuma."

"Basi usije ukatangulia," akasema. "Wewe mfupi. Watakuchimbia kaburi dogo, mimi nitalalaje humo?"

Nilitaka kumjibu. Jibu nilikuwa nalo, zuri kweli, ila halikupata cha kulisukuma.

Nikaamka. Kumepambazuka, na simu inalia. Ni Mwajabu, bintiye Chausiku.

"Mama mdogo, mama kazinduka! Mpira wa puani kautoa mwenyewe, manesi wanamfokea. Anadai uji wa ulezi, na anasema upike wewe."

Nikamshukuru Mungu, nikatoka uani kuwasha jiko. Mkaa ukashika pembeni. Nikainama, nikapuliza. Majivu hayakutikisika. Nikajaza mashavu, nikapuliza tena. Hata jivu moja halikuruka.

Nikachukua kifuniko cha sufuria, nikapepea.