Godoro Mbele ya Injini

Joel alilifunga godoro mbele ya pikipiki, kwenye bampa, akalikaza kwa mipira ya mizigo mpaka likaiziba injini yote. Mkewe Loisi alikuwa amesimama mlangoni na kikapu cha maandazi, akimtazama. Aliona kosa palepale, akanyamaza.

Kabla ya kuolewa na kuhamia Gulwe, Loisi alikuwa akisambaza dawa za mifugo vijijini huko Chemba, juu ya pikipiki nzee ya aina hiyohiyo, isiyo na rejeta wala maji, inayopozwa na upepo peke yake. Alijua kazi ya yale mapezi ya chuma yanayoizunguka silinda. Upepo unapita katikati yake na kuondoka na joto. Ukiyaziba, joto linabaki ndani na kula chuma.

Lakini godoro lilikuwa lake. Alilinunua Mpwapwa kwa ajili ya Gladness, binti wa Joel, ambaye tangu mama yake afariki aliishi Kibakwe na bibi yake, mama wa Joel, na kulala naye kitanda kimoja. Jumapili hiyo Gladness alikuwa anapata kipaimara, na Loisi alikuwa hajawahi kuonana naye. Aliwahi tu kuisikia sauti yake kwenye simu ya Joel, ikisema polepole na bila hasira, "Mimi simwiti mama, baba. Usinilazimishe." Joel hakujua kwamba mkewe alisikia.

"Nyuma utakaa wewe," Joel alisema akipiga kiki. "Nafasi iko huku mbele tu."

"Sawa," Loisi akajibu, akapanda.

Kwenye tambarare pikipiki ilikwenda vizuri. Asubuhi ilikuwa bado na ubaridi, na barabara ya vumbi ilikuwa imekauka. Mambo yalibadilika walipoanza kupanda milima. Joel alirudisha gia, akarudisha tena, na kadiri mwendo ulivyopungua ndivyo injini ilivyozidi kulia. Loisi alianza kulisikia joto kwenye vifundo vya miguu, kisha harufu ya oili inayoungua. Baadaye ukaja mlio aliokuwa akiuogopa tangu Chemba, kama changarawe zinazotikiswa ndani ya kopo.

Angemwambia asimame. Lakini muda haukuwepo. Wanawali na wavulana wenye nguo nyeupe walikuwa wanajipanga kanisani wakati huo, na Joel alikuwa ameinama mbele kama anayeisukuma pikipiki kwa kifua.

Kwenye kona kali pistoni ilikamata. Gurudumu la nyuma liligoma ghafla, pikipiki ikayumba kuelekea korongoni. Joel akaiminya klachi, akaweka miguu chini, na wakasimama ukingoni mwa barabara. Hakuna aliyeumia. Maandazi matatu yalianguka vumbini.

Waliisikiliza injini ikitoa mlio wa chuma kinachopoa. Joel alifungua mipira, akalitoa godoro. Upande uliokuwa umeigusa injini, nailoni ya kulifungia ilikuwa imeyeyuka na kugandana. Akalitandaza kwenye majani, upande usioungua ukiwa juu, wakakaa juu yake kama wageni waliokaribishwa sebuleni.

"Ni oili," Joel alisema. "Nimechelewa kuibadilisha."

"Joel."

Akakuna kichwa. "Haya, ni godoro. Nilijua tangu nalifunga."

"Na mimi nilijua tangu unalifunga."

Joel akamgeukia. "Sasa mbona hukusema?"

"Mbona na wewe hukusema?"

"Ulilitafuta mwenyewe. Ulilipakata kwenye basi kutoka Mpwapwa watu wakikucheka. Ningeanzaje kukuambia tuliache?"

"Na mimi ningeanzaje kukufundisha pikipiki yako?"

Joel alicheka kidogo, kicheko cha puani, kisha akatazama juu mlimani na uso ukabadilika. Loisi aliuelewa uso ule. Mwaka uliopita Gladness aliimba kwenye sikukuu ya shule, na Joel hakufika kwa sababu mashine yake ya kusaga iliharibika siku hiyo. Sasa ilikuwa pikipiki.

Dereva wa bodaboda aliyekuwa akirudi Kibakwe bila abiria alisimama kando yao. Alijitambulisha kuwa Mudrick, akawasalimu, "Mbukwenyi," kisha akaitazama injini na bila kuuliza akachomoa dumu la maji alilolifunga kwenye keria.

"Acha," Loisi na Joel wakasema kwa pamoja.

"Napoza tu."

"Ukimwagia maji ya baridi sasa hivi, silinda inapasuka," Loisi akasema. "Chuma kikipata moto hakitaki kushtuliwa. Kiache kipoe chenyewe."

Mudrick alirudisha dumu. "Basi pandeni niwapeleke. Wawili mnaenea."

"Na pikipiki tumwachie nani?" Joel akauliza. Akamtazama mkewe. "Nenda wewe na godoro. Mimi nitabaki."

Loisi alifikiri kidogo tu. Angefika kanisani na mgeni wa barabarani na godoro, na mtoto angetafuta nyuma yake uso wa baba asiuone.

"Nenda wewe," alisema. "Anakutafuta wewe. Mimi ikipoa nitaiwasha nije."

"Kwenye milima hii?"

"Chemba nilikuwa napita mchangani na sanduku la barafu mgongoni. Niachie spana ya plagi na ile chupa ya oili. Nenda, Joel, askofu hasubiri."

Joel alisimama akimtazama kama anayemwona kutoka upande mwingine. Kisha akampa funguo, akapanda nyuma ya Mudrick, na vumbi lao likapotelea kwenye kona.

Loisi alibaki na godoro, kikapu na injini. Hakuigusa mapema. Hakupita mchunga mbuzi wala gari. Palikuwa na upepo tu, na upepo ndio aliouhitaji. Aliisukuma pikipiki kidogo ili mapezi yauelekee, akachukua kijiti na kuanza kuchokoa udongo mkavu wa masika uliokuwa umejaa katikati yake. Ulitoka vipande vipande, mgumu kama tofali. Kumbe godoro halikuwa na kosa peke yake. Alijaribu kuwaza atamwambia nini Gladness, maneno hayakuja, akarudi kwenye udongo.

Alipoweza kuweka kiganja kwenye silinda bila kukiondoa, alifungua plagi, akatilia oili kidogo tunduni, akapiga kiki taratibu kwa mkono. Mwanzoni ilikuwa ngumu. Akasubiri, akajaribu tena, na safari hii ikashuka. Alirudisha plagi, akaongeza oili kwenye injini, akapiga kiki kwa mguu. Iliwaka mara ya nne, ikatoa moshi mwingi wa bluu, kisha ikatulia. Ilikuwa na mlio mkavu ambao haukuwepo jana. Pete za pistoni zilikuwa zimekwaruzika, alijua, na injini ingelazimika kufunguliwa. Lakini ingefika.

Alilifunga godoro nyuma, mahali alipokuwa amekaa yeye, na mbele akaacha wazi. Alipanda mlima kwa mwendo wa wastani, na kila ule mlio wa changarawe ulipoanza alisimama bila kubishana nao.

Ibada ilikuwa imekwisha alipoingia uani kwa mama yake Joel. Watu walikuwa wanakula. Bibi Hilda, mama mkwe wake, aliinuka na kumpokea kwa mikono miwili, na Loisi akapiga goti kidogo, "Shikamoo mama." Joel alikuwa ameshika sahani ya wali, aliitua chini na kuja haraka, akaitazama pikipiki, kisha yeye, toka vumbi la kichwani hadi oili ya mikononi.

"Niliwahi," alisema kwa sauti ya chini. "Walikuwa wamefika kwenye jina la nne kabla yake. Aliniona."

Nyuma yake alisimama msichana mwembamba mwenye gauni jeupe.

"Shikamoo," akasema.

"Marahaba, Gladness. Hongera."

"Baba alisema pikipiki imekufa."

"Ilipata joto."

Gladness aliisogelea, akanyoosha mkono kuigusa silinda. Loisi aliudaka mkono ule kabla haujafika, na alama mbili nyeusi za vidole zikabaki kwenye mkono wa gauni jeupe.

"Samahani. Bado inaunguza."

Msichana alizitazama zile alama. Kisha akakunja mkono wa gauni mara mbili, alama zikafichika, akaanza kufungua mipira ya godoro.

"Hili ni la nani?"

"Lako."

"Limeungua huku."

"Ndiyo. Lilikaa mbele ya injini. Kosa letu sote wawili."

"Nitalalia upande mwingine," Gladness akasema. Akashika ncha moja na kusubiri Loisi ashike ya pili. Walilipeleka ndani wakibanana mlangoni, na huko ndani alimwita "dada Loisi". Bibi Hilda alitaka kumkemea, lakini Loisi alimwashiria amwache.

Kesho yake walishuka mlima bila mzigo, Loisi akiendesha na Joel nyuma, akimwuliza mambo ya Chemba ambayo hakuwahi kuyauliza. Injini ilifunguliwa wiki hiyohiyo kwenye kibanda cha mashine ya kusaga. Pistoni ilikuwa na michirizi mirefu upande mmoja, na fundi alisema wana bahati, ingeweza kuvunjika kabisa. Mwezi mzima walisafiri kwa miguu na kwa lifti.

Shule zilipofungwa, Gladness alikuja Gulwe kwa basi. Siku ya kwanza aliomba afundishwe kuendesha. Joel alisema bado ni mdogo, Loisi naye akasema ni kweli, lakini kusafisha mapezi anaweza.