Pazia la Nailoni

Wakaguzi walilishika pazia la nailoni mlangoni mwa wodi, wakaridhika. "Fundi, kazi yako safi," mmoja alisema, na fundi mwashi akainamia toroli lake, asiwatazame.

Hawakujua kwamba lilitundikwa asubuhi ileile. Kwa wiki nzima alikuwa ameliviringisha pembeni, maana toroli lilinasa kila lilipopita, huku akibomoa ukuta mkongwe uliovimba kwa unyevu na kuota ukungu. Upande wa pili walilazwa watoto watano wenye saratani ya damu.

"Tundika pazia lako, fundi," mfagiaji wa wodi alikuwa amemwonya.

"Mama, vumbi lingekuwa linaua, mimi ningeshazikwa mara saba!"

Wakacheka wote wawili. Kicheko hicho sasa kilimtafuna.

Wodini walibaki wanne.

"Yule kipara wako aliyekuwa akikupungia mkono," mfagiaji alinong'ona wakaguzi walipoondoka, "yuko kwenye mashine. Ukungu umeingia mapafuni. Dawa za saratani zimemmaliza kinga. Kinachotufanya sisi tupige chafya tu, kwao ni moto."

"Wamejua ukungu ulikotoka?" fundi aliuliza.

"Wanatafuta. Mama yake anajilaumu, maskini. Anasema ni machungwa aliyomletea kwa siri."

Fundi akaegemea nyundo yake. Njia ya kutokea ilikuwa wazi kama mlango wa msikiti: pazia lipo, sifa amepewa, na mzigo umeshapata mbebaji. Angenyamaza, nani angejua? Lakini wale wanne walikuwa bado wanavuta hewa ileile.

Alimkuta mama wa mtoto kwenye ujia, muuguzi mkuu kando yake.

"Usisogee na nguo hizo za vumbi!" muuguzi alimkemea.

Akasimama papo hapo. "Dada, si machungwa," akamwambia yule mama. "Ni mimi. Pazia la kuzuia vumbi nililitoa. Wiki nzima."

Muuguzi hakusubiri zaidi. Alikimbilia wodini, na punde magurudumu ya vitanda yakaanza kulia, watoto wakihamishwa. Mama alimgeukia fundi, macho makavu.

"Una mtoto?"

"Mmoja."

"Basi usiondoke. Akiamka, utamwambia mwenyewe."

Fundi alitaka kuuliza kama daktari amesema ataamka. Akaketi sakafuni, mbali na mlango, akiogopa hata kujipangusa vumbi.