Mkono wa Kiarie Bado Uko Hewani

...na mkono wake bado uko hewani, Mungu wangu, vidole vimenyooka sawasawa kama nilivyomfundisha, si legelege, si wa kuvunja mtu mifupa, na macho ameyakaza usoni mwa mama, hayo pia nilimfundisha mimi, mimi ninayelipwa kuwafunza vijana wa chuo cha hoteli jinsi ya kumpokea mgeni kwa Kiingereza, simama, tabasamu, mtaje mkubwa kwanza, Mum, may I introduce Kiarie, nimeyasema sasa hivi bila kukwama, naye akajibu kuwashinda wanafunzi wangu wote, "Good afternoon, Madam. How do you do? I'm very pleased to meet you," akanyoosha mkono, na mama hakuupokea, mama amerudi nyuma hadi kiti kikagonga meza, mikono yote miwili ameificha ndani ya leso na anatazama sakafu ya hoteli hii kama mtu aliyeangusha sindano... nimefanya nini, nimesahau vipi, kwetu sisi Wabukusu mama mkwe hamshiki mkono mume wa bintiye, hamtazami usoni, mtoto wa darasa la pili anajua, akili ni nywele na mimi leo nimekuja na kipara, wiki tatu nikimfanyisha mazoezi dukani kwake, katikati ya matairi ya pikipiki, nikimwambia mama alifundisha Kiingereza miaka thelathini kule Soy, anapenda mtu wa kumtazama machoni na kumpa mkono, na ni kweli anapenda, lakini kichwani nilimwona mama kama Mwalimu Nasambu, sikumwona kama mama mkwe wa mtu... sema kitu, Nanzala, fungua mdomo, lakini niseme nini, nikimweleza Kiarie mila hapa mbele ya mama nitamwaibisha mama, nikimwomba mama amguse nitakuwa nimemtukana, na huyu mhudumu amesimama na birika anauliza maziwa alete kando ama, anauliza tena... uso wa Kiarie umeanza kubadilika, tabasamu lipo lakini limebaki peke yake, najua anachokiona, hamwoni mama, anaona lango la kwao Yamumbi, aliniambia mara moja tu na hakurudia, mwaka ule wa vurugu za uchaguzi alikuwa na miaka tisa, baba yake alimnyooshea mkono jirani waliyechota naye maji kisima kimoja miaka yote, jirani akatia mikono mfukoni, akatazama chini, kesho yake nyumba yao, nyumba ya Wakikuyu, ilikuwa majivu, "Mtu akikunyima mkono, anza kufunga mizigo," baba yake, Mzee Njenga, humwambia hivyo mpaka leo, na juzi tu Kiarie aliniuliza kwa mzaha usiokuwa mzaha, "Na mathako akikataa kunisalimia juu ya jina langu?" nikacheka, nikamwambia mama si mtu wa hivyo... naogopa atauteremsha huo mkono polepole, aseme excuse me kwa adabu ileile niliyomfundisha, atoke kwa mlango ule, na nikimpigia simu asishike, leo, kesho, milele... "Mwambie akae," mama amesema, kwa Kiswahili, kwa sakafu, ameniambia mimi na si yeye, mama ambaye Kiingereza hakimwishi, aliyemshika Obonyo, mpenzi wangu wa kabla ya Kiarie, mkono mwaka juzi kwenye meza kama hii, akautikisa na kuutikisa, wakaongea habari za chuo kikuu, wakacheka, nami nikajua mambo yangu yameiva, kumbe njiani akaniambia, yule ni mgeni mzuri sana, Nanzala, mgeni huja na huenda kwao, basi, yakaisha hapo, lakini Wangila, mume wa dada yangu, siku Wangila alipokuja mama alipitia mlango wa jikoni akaingia kwa mahindi ya jirani, akakaa humo na umande wake mpaka mtu amalize chai, tukamcheka mpaka mbavu zikauma, na kila Desemba jogoo mnene kuliko wote ni wa Wangila, haguswi na mtu... hebu ngoja, ngoja kwanza, hakuna posa iliyoletwa, hakuna mzee aliyetumwa, hakuna aliyemuuliza mama chochote, mimi nilisema tu nina rafiki ningependa umwone, na amemwona, akaficha mikono, hakuchukua hata dakika moja, mama ameshamchukua huyu, Kiarie wa Yamumbi, na mkono wake hewani, ni mkwe na hajui... nitamweleza, nitamweleza tukifika nje, simama tu hapo, mpenzi, vumilia kidogo, lakini mama ameinua macho nukta moja akauona ule uso, mwalimu hajawahi kuvumilia mtoto aumie mbele yake, na leso imesogea, kidole kimoja kimetokeza, kinatafuta njia, amemhurumia, usiutoe, mama, nakuomba, mwache aone vibaya sasa hivi, mwache hivyo hivyo, usimfanye mgeni.