Namalwa Anatubu

Mwaka wa hamsini na saba, kabla mvua haijaanza, mume wangu Micah aliacha kulala. Kazi yake ilikuwa kupaka grisi magurudumu ya mabehewa pale stesheni ya Nakuru, na chumba chetu cha landhi, zile nyumba za wafanyakazi, kilikuwa mali ya reli. Kila asubuhi nilimkuta mlangoni akilitazama ziwa. Flamingo walielea juu ya ukungu, waridi juu ya weupe, hata hujui wapi maji yanaisha na mbingu zinaanza.

"Namalwa, wale ndege wananisikia."

"Basi waambie watuletee kuni."

Alicheka, akaanza kuongea, na uji ukaganda bakulini. Angejenga kanisa juu ya mlima Menengai. Alimpa jirani koti lake la kazi. Alifua nguo za landhi nzima, hata za wasioomba. Nami, nisiwadanganye, nilifurahia kidogo. Mke gani hufuliwa na mumewe?

Wenzetu wa ushirika wa waliookoka walifurahi kuliko mimi. Kwao, mtu asiyelala wala kuchoka kumtaja Yesu ameshikwa na Roho. Ndugu Owino, kiongozi wetu, akaamua: Jumapili Micah awekewe mikono, aache kazi, aende kwa miguu akihubiri bondeni mpaka Naivasha. Barua ya kuacha kazi ilikuwa tayari mfukoni mwa Owino.

Kukosa nyumba ningevumilia. Nimeshawahi kulala chini ya behewa. Lakini nilijua kinachofuata uchangamfu huu. Kingemkuta njiani, peke yake.

Jumapili ikafika. Katika ushirika wetu, mkutano hukatizwa na mtu anayetubu tu. Nikasimama.

"Ndugu, nina dhambi."

"Itoe, dada," akasema Owino.

"Mwaka jana niliwaambia Micah ana malaria. Hakuwa nayo. Alilala miezi miwili akiutazama ukuta. Hakuoga, hakula mpaka nimlishe. Alisema heri afe, nikaficha wembe na kamba. Na kabla ya hapo alikuwa hivi hivi mnavyomwona: wiki tatu bila usingizi, maneno yakikimbizana, akigawa vitu. Niliona haya, nikadanganya."

Nje, treni ya mizigo ilipita polepole, kana kwamba inapita ndani ya pamba.

"Dada, Roho unamwita ugonjwa?"

"Roho unamjua wewe zaidi, Ndugu Owino. Micah namjua mimi. Akijazwa Roho hulala fofofo kama sisi wengine."

Mtu akacheka, akajizuia. Micah alikuwa amesimama.

"Uliahidi kunyamaza," akaniambia.

"Niliahidi. Hiyo nitaitubu wiki ijayo."

Nilidhani atanifokea. Akaketi sakafuni taratibu, macho yamejaa maji. "Ule ukuta, Namalwa. Nimekuwa nikiukimbia."

Owino akaisukuma barua yake chini kabisa mfukoni. Kisha akamwinamia Micah. "Twende hospitali, ndugu yangu. Mikono tutakuwekea ukipona."

Tulitembea watatu, Micah katikati, vumbi jeupe la ziwani likituelea miguuni. Pale hospitali dresa, msaidizi wa daktari, alitusikiliza. Akasema ni ugonjwa wa akili wenye pande mbili, kupanda na kushuka, wala si laana. Daktari angemwona siku hiyo hiyo. Akachukua kalamu.

"Mara ya mwisho ulilala lini, mzee?"

Micah akaninyoshea kidole. "Mimi sijui," akasema. "Muulize huyu. Yeye ndiye aliyekuwa akikoroma."