Likizo ya Kwenda Nzuani

Mume wangu Basil alipoleta nyumbani atlasi ya shule, akaifungua juu ya meza ya chakula na kuweka kidole katikati ya bahari, nilidhani anataka kunisahihisha jambo fulani. Mwalimu mkuu haachi ualimu wake shuleni. Kumbe alikuwa ananionyesha mahali tutakapokwenda likizo. Vilikuwa vinukta vinne, kila kimoja kidogo kuliko punje ya ulezi, kati ya pwani yetu na kisiwa kikubwa cha Bukini. Visiwa vya Ngazija, akasema.

Nilimwuliza tunakwenda kwenye msiba wa nani. Akasema hakuna msiba. Nikauliza mgonjwa ni nani, akasema hakuna mgonjwa. Basi tunakwenda kununua nini? Hatununui kitu, akasema, tunakwenda kupumzika, kula samaki na kutazama milima inayotoka baharini. Nilivuta kiti nikakaa. Miaka ishirini na miwili nimeishi na mtu huyu hapa Masasi, nimemzalia watoto watatu, na siku zote hizo sikujua kwamba ana wazimu.

Nisimwonee. Mwaka ule wa 1957 misheni ilikuwa imempa likizo ndefu, ya kwanza tangu aanze kufundisha, na rafiki yake Rajabu, mwenye duka la nguo sokoni, alikuwa amemjaza kichwa. Mama yake Rajabu ni mtu wa Nzuani, kimojawapo cha visiwa hivyo, na wajomba zake wangali huko. Walikwisha kuandika barua kwamba chumba kipo, kitanda kipo, na wageni wa Rajabu ni wageni wao. Tena walisema hatutaona ugeni, maana huko mashambani wako Wamakua kama mimi, waliokwenda zamani, na hadi leo wakikutana na mtu wa bara humwuliza kwanza ukoo wake. Basil alinisomea mstari huo mara mbili. Alisema, Theodora, unakwenda kupata ndugu bure.

Wiki mbili nilimcheka. Ya tatu nikajikuta nimeshika cherehani, nashona gauni la kuvaa melini. Sijui nilianza vipi. Labda ni siku ile nilipokuwa nachambua mchele nikajiuliza ni lini mara ya mwisho niliamka bila mtu anayenisubiri kwa jambo fulani, nisiikumbuke. Toka hapo nilikuwa mbaya kuliko Basil. Yeye alipima bahari kwa uzi juu ya atlasi, mimi nikapanga tutalala wapi siku ya kwanza na ya pili, kisiwa gani kianze na kipi kifuate. Tungeshuka Nzuani, tukae wiki mbili, kisha twende Mwali, tumalizie Ngazija kwenyewe kwenye mlima wa moto. Nilitaka safari ile kama nilivyopata kutaka vitu vichache sana. Naliandika hili wazi ili lijulikane.

Watu hawakutuelewa. Karani wa bomani, tulipokwenda kuomba pasi ya kusafiria, aliuliza sababu ya safari mara tatu, na kila tulipojibu alitutazama tena. Mke wa shemasi alinivuta kando baada ya ibada akanishika mkono, akaniambia nisimfiche, kama ni ugonjwa mkubwa hospitali ya Ndanda ipo karibu na masista wale hawashindwi. Nilimwambia ugonjwa wangu ni uchovu. Alikwenda akaniombea.

Ikabaki kuaga. Sisi Wamakua ukoo tunauchukua kwa mama, na mtu wetu hasafiri mbali bila kuagwa na upande huo. Tu Wakristo tangu enzi za bibi zetu, Jumapili hatukosi, lakini unga humiminwa. Mkubwa wa ukoo huchota unga wa mtama, huumimina taratibu chini hadi usimame kama kichuguu kidogo, na huku anawaambia waliotangulia nani anasafiri na anakwenda wapi. Mahali lazima patajwe kwa jina. Wafu hawawezi kumlinda mtu wasiyejua yuko wapi. Padre ana habari za jambo hilo, ila hajapata kuliuliza.

Mama yangu alikwisha kufa, kwa hiyo mkubwa wangu alikuwa mjomba wangu Reginald, kaka yake mama, fundi seremala aliyehamia Newala. Bibi Paulina, mama yao, aliishi kwake. Tulipanda lori la mihogo asubuhi, likatupandisha uwanda wa juu likilalamika kila kona, tukafika Newala saa nne, vumbi hadi kwenye nyusi. Ukungu ulikuwa haujaondoka, na wanawake walikuwa wakirudi na maji kutoka bondeni, mwendo ambao mimi nisingeuweza.

Bibi alikuwa amekaa kwenye mkeka barazani. Miaka yake ilikadiriwa themanini na tano. Alibatizwa msichana, akafundisha katekisimu kwa wanawake wa vijiji vitatu, na hakuna padre aliyepata kumshinda kwa kukariri zaburi. Tulimwamkia, shikamoo Bibi, akaitika marahaba, kisha akamkamata Basil mkono kama kawaida yake. Akamwuliza, mume wangu, huyu mke mwenzangu anakulisha kweli, mbona shingo imekuwa nyembamba? Basil akajibu kwamba nampunja, ndiyo maana amekuja kwa mke mkubwa. Tulicheka wote. Nayataja haya kwa kuwa ndiyo mara ya mwisho tuliyocheka siku ile.

Baada ya chai mjomba alileta sahani ya unga. Tulikwenda nyuma ya nyumba, tukachutama, Bibi akaketi kwenye kigoda karibu yetu. Mjomba akataja majina ya waliotangulia, jina la babu, la mama yangu, la mama yake Bibi. Akasema mtoto wenu Theodora na mumewe wanasafiri. Kisha akageuka kuuliza mahali, kwa kuwa alikuwa amesahau.

Basil alijibu kwa sauti ya darasani, kwamba tunakwenda Nzuani.

Mjomba akaanza kumimina. Akasema, wanakwenda Nzuani. Hapo Bibi alimdaka kiganja kwa mkono wake ule mkavu, kwa nguvu nisiyoijua, unga wote ukamwagika miguuni pangu.

"Usilitaje jina hilo hapa," akasema. "Mama yangu anasikia."

Tulidhani amepatwa na maradhi ya ghafla. Basil alimshika mabega, mimi nikakimbilia maji. Aliyakataa. Alitulia akatazama unga ule uliomwagika, kisha akaniita kwa jina langu la nyumbani, Sikuzani.

Jina hilo alinipa yeye. Lilikuwa la mdogo wake, na hadithi yake kila mtoto wa ukoo wetu aliijua. Wapiganaji wa Maviti walipovamia nchi ya Masasi, wakachoma nyumba na kuchukua watu, walimchukua Sikuzani akiwa na miaka minane, asionekane tena. Mama yangu alinisimulia, nami nimewasimulia wanangu.

"Si Maviti," Bibi akasema.

Alisimulia kwa Kimakua, bila kulia, huku anatazama chini. Maviti walikuja kweli, wakachoma ghala, lakini ukoo wake ulijificha milimani na wote wakasalimika. Kilichofuata ni njaa. Msimu ule mjomba wake, mkubwa wa ukoo, alipatana na mtu wa pwani ampe mtama, naye ampe msichana. Alikuwa na haki hiyo kwa desturi ya wakati ule, watoto wa dada yake walikuwa mkononi mwake. Ila aliona aibu kusimama akitazama. Kwa hiyo siku ya makabidhiano aliondoka nyumbani, na mama yao akatumwa shamba la mbali.

"Nilikuwa nyuma ya nyumba," Bibi akasema. "Nilimsikia anamwambia yule mtu, utamkuta msichana anatwanga, mchukue huyo. Msichana aliyepewa mtama wa kutwanga siku ile nilikuwa mimi."

Mjomba Reginald alimwambia mama yake, inatosha. Bibi hakumsikiliza. Alisema alirudi kinuni akatwanga kidogo ili asishukiwe. Sikuzani alikuwa kando anachezea mabua ya mahindi. Akamwita. Akamwambia, nishikie mchi, nakwenda kisimani.

"Alikuwa hajapata kuruhusiwa kushika mchi mkubwa," Bibi akasema. "Alifurahi."

Basil alikuwa amevua miwani, ameishika tu mkononi.

Bibi alikaa kisimani hadi jua likapinda. Aliporudi mchi ulikuwa umelala chini na mtama umepondeka nusu. Mjomba wake alikuja baadaye, akamwona yeye amesimama pale, akaelewa. Mjomba huyo ndiye aliyeanzisha maneno ya Maviti, maana walikuwa wamechukua watoto wengi na mmoja zaidi hakumshangaza mtu. Mama yao peke yake aliambiwa ukweli nusu. Aliambiwa mtoto kapelekwa Nzuani, na kwamba huko watu hawafi njaa. Na ule mtama wa kinuni waliupika jioni, Bibi naye akala.

Nilikumbuka tulivyokuwa wadogo. Ukimkuta Bibi anatwanga ukataka kumsaidia, alikuvuta mkono, wakati mwingine akakuchapa. Tulisema Bibi anaringia nguvu zake. Hata mama yangu alisema hivyo.

Niseme ukweli, sikumhurumia hapo hapo. Nilimkasirikia. Nilijiona kama niliyevalishwa nguo ya mtu aliyeibiwa, nikapita nayo kanisani na sokoni miaka arobaini nikisifiwa imenipendeza. Na katikati ya hayo yote, Mungu anisamehe, niliililia likizo yangu. Nilikwenda Newala kuaga ili nikapumzike.

Nikamwuliza, "Bibi, ulinipa jina lake ili nikusamehe?"

"Nilikupa ili nipate kumwita," akasema. "Sikuwa na njia nyingine ya kumwita."

Mjomba Reginald akasimama, akapangusa unga magotini. Alisema kwa ukali safari hiyo imekufa. Tukifika tutaulizwa ukoo, na tukiutaja wale watu watajua sisi ni nani, na sisi sasa tunajua walifikaje. Tutakula vipi samaki wao? Tena habari hizi zikirudi huku, nani ataoa au kuolewa katika ukoo uliouza mtoto, na mwenye kumponza ndiye aliyefundisha vijiji vitatu amri za Mungu? Mdogo wake mama amekwisha kufa bila shaka, akasema, na mambo yake yafe.

Basil alijaribu kupatanisha. Alisema kwa upole tungeweza kwenda Unguja badala yake, nako ni kisiwa, nako kuna samaki. Nilimkatalia. Unguja ningekaa ufukweni nimevaa gauni langu jipya nikijua ni watu gani nimewakwepa. Lakini nikijiona Nzuani, mbele ya mwanamke mwenye sura ya mama yangu ananiuliza ukoo, nilijua ningegeuka nirudi melini. Niliwaambia siendi popote. Nilisema mimi sikumkabidhi mtu mchi, na sina ninachoweza kumwambia mtu aliyekabidhiwa.

"Kweli," Bibi akasema. "Huna."

Alishika ukuta akainuka. Mjomba akaenda kumsaidia, Bibi akausukuma mkono wake.

"Kama amekufa, ameacha watoto," akasema. "Watoto wa mdogo wangu ni wanangu. Mimi ndiye mama yao mkubwa, na miaka sabini na mitano hawajaniona. Nitakwenda mimi."

Mjomba alimwuliza kama amesahau umri wake. Alimwambia kuna lori, kuna meli, kuna mawimbi, na hata kushuka bondeni hawezi. Padre atasema nini, ukoo utasema nini? Bibi alimsikiliza hadi mwisho kama alivyokuwa akiwasikiliza wanafunzi wake wa katekisimu waliokosea.

"Reginald," akasema, "mimi ndiye niliyetakiwa kwenda."

Mimi nilisimama pale nimeshika kikombe cha maji aliyoyakataa, yananimwagikia kwenye sketi. Nilimtazama Basil, aliyeingoja likizo hii tangu siku aliyoanza kazi, na nikaona analia, mtu ambaye hakulia hata tulipomzika baba yake. Alipangusa uso kwa mkono wa shati. Kisha akasema watu wawili watakwenda Nzuani kama ilivyopangwa, Bibi na mjukuu wake, na yeye atabaki Masasi kulisha kuku.

Nilitaka kukataa. Nilifungua mdomo kabisa. Lakini Bibi alikuwa amekwisha kuingia ndani, na tulimsikia anafungua sanduku lake la nguo, anamwita mke wa mjomba aje amsaidie kukunja.