Chokaa ya Sidi Mastur

Bonde la chemchemi lilikuwa letu sote, kwa hiyo halikuwa na mwenyewe. Malori yalikuja kumwaga vifusi vya majumba ya watu, sisi tukipiga kelele madirishani. Kila Ijumaa baada ya chakula cha kuskusi tulishuka na majembe kufanya tuiza, kazi ya mtaa mzima, na kila Jumatatu uchafu ulikuwa umerudi. Nilichoka. Hapa Tetuani kazi yangu ni kupaka chokaa, na mimi nikishapaka nataka kuona imekauka, basi.

Mama yangu, Ftoma, alikuwa na haja moja tu. Tangu usichana alifulia sufu pale. Sasa magoti yamemwisha, alitaka afikishwe chini ya mtini, atie miguu majini. Vifusi vilikuwa vimeziba njia.

"Madereva hawa manispaa hawaiogopi," jirani yangu Mfaddal aliniambia. "Ila mawalii wanawaogopa."

Basi tukajenga kaburi. Tulirundika mawe kando ya mtini, mimi nikayapaka chokaa. Mama alinikorogea ndoo ya chokaa nyumbani, huku akicheka mpaka machozi. Akachana kitambaa chake cha kijani nikitundike tawini.

"Mwite Sidi Mastur," alisema. "Kajificha vizuri, hata mwenyewe hajui kama yupo."

Lori la kwanza lilifika, dereva akaona, akasoma Fatiha, akageuza. Halikuja jingine. Tulizoa vifusi majuma sita, na kiangazi chote kile Mama alitia miguu majini kila alasiri. Nilijiona mjanja kuliko wote.

Kisha wakaja wageni na mishumaa. Mwanamke mmoja akashika mimba baada ya miaka kumi. Mwisho akaja bwana mmoja, Si Larbi, na karatasi ya nasaba, akidai yeye ni mzao wa saba wa Sidi Mastur. Alizungusha ukuta, akatia lango la chuma. Chemchemi ikawa ya wanaozuru, Alhamisi tu, kwa ruhusa yake.

Nilimwendea mbele ya watu. "Si Larbi, huyo babu yako nimemjenga mimi. Ni mawe matupu."

"Msameheni," aliwaambia wageni kwa upole. "Chokaa imempanda kichwani."

Nikamgeukia Mfaddal aseme kweli. Mfaddal alikuwa ameshafungua kibanda cha mishumaa pale nje, akawa anatazama viatu vyake.

"Abdeslam, ndugu yangu, mke wangu mgonjwa. Usituletee nuksi."

Wahenga husema njia ya mwongo fupi. Yetu ina mwaka wa nne, na bado inakwenda.

Juzi nilimbeba Mama mgongoni hadi langoni, na nyundo mkononi. Nilikuwa nimeapa kuvunja kufuli. Maji tuliyasikia yakitiririka ndani. Nilimtua, na nilipoinua nyundo, Mama alinishika mkono.

"Weka chini, mwanangu."

"Mama, chokaa umeikoroga wewe. Ulicheka."

"Nilicheka. Na ndiyo maana magoti yangu hayaponi. Hajanisamehe."

"Magoti yako yalikuwa mabovu kabla yake."

"Nyamaza. Anasikia."

Aliegemeza paji la uso kwenye chuma, akamwomba radhi kwa jina alilompa mwenyewe. Aliomba muda mrefu. Mimi nilisimama nyuma yake, moyo umenivunjika, sina wa kumlaumu ila mimi. Alipomaliza nikambeba tena kurudi nyumbani, miguu yake ikining'inia mikavu.